Je, Jangwa Linatembea?

Yapo mambo ambayo mtu huyasikia mara nyingi mno hata akasahau kuuliza yalitoka wapi. Mojawapo ni hili la kwamba jangwa la Sahara linatembea. Limesemwa katika mikutano, limeandikwa magazetini, limechorewa mishale kwenye ramani: kwamba kila mwaka jangwa hushuka kusini kilomita kadhaa, likimeza mashamba na malisho, na kwamba wa kulaumiwa ni mkulima akataye miti na mfugaji mwenye ng'ombe wengi kupita kiasi. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Lakini hawakumkataza mtu kwenda kuangalia.

Katika kurasa hizi nataka kusimulia jinsi swali hilo lilivyoulizwa na kujibiwa, tena na tena, kwa muda wa karibu miaka tisini, na jinsi chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya kutazama mawingu kilivyokuja kuwa shahidi mkubwa katika kesi hiyo. Nasema kesi kwa makusudi. Habari ya jangwa ni habari ya sayansi, lakini ndani yake wamo watu walioshtakiwa, na wengi wao hawakujua hata kwamba wameshtakiwa.

Tuanze na mahali penyewe. Kusini mwa Sahara upo ukanda mpana wa nyasi na miti ya hapa na pale, unaoanzia Senegali na Mauritania kwenye Bahari ya Atlantiki na kupita Mali, Burkina Faso, Niger na Chad hadi Sudan. Ukanda huo huitwa Saheli. Jina hilo ni ndugu wa jina letu. Limetokana na neno la Kiarabu sahil, yaani pwani au ufuko, ambalo wingi wake, sawahil, ndio uliowapa Waswahili jina lao. Jangwa lilifananishwa na bahari, na ukanda ule wa majani ukawa ufuko wake. Naomba msomaji alikumbuke jina hilo, kwa sababu mtu wa pwani anajua jambo moja ambalo wataalamu walichelewa kulitambua kuhusu Saheli: kwamba ukingo wa maji hauna mstari mmoja. Maji hupwa na hujaa.

Mvua ya Saheli hunyesha katika miezi michache tu, hasa kati ya Juni na Septemba, na kiasi chake hupungua kadiri mtu anavyokwenda kaskazini. Tena hubadilika sana kutoka mwaka mmoja hadi mwingine. Mahali palipokuwa na nyasi za kufika magotini mwaka huu, mwakani panaweza kuwa na vumbi. Mfugaji wa huko analijua hilo tangu utoto wake, na ndiyo maana huhama. Mgeni anayepita mara moja hana njia ya kulijua.

Mtu aliyelipa umaarufu wazo la jangwa linalosonga mbele alikuwa mgeni wa namna hiyo. Aliitwa E. P. Stebbing, profesa wa misitu katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, aliyewahi kufanya kazi India. Mwaka 1934 alisafiri Afrika Magharibi wakati wa kiangazi, na mwaka 1935 akatoa makala juu ya Sahara aliyosema inavamia makoloni. Aliona mchanga, aliona miti iliyokatwa, aliona mashamba yaliyoachwa, na akahitimisha kwamba jangwa linakuja na kwamba wenyeji ndio wanaolifungulia mlango. Wakati huo huo, huko Marekani, dhoruba za vumbi zilikuwa zikipeperusha udongo wa nyanda za kati na kuwafukuza wakulima mashambani mwao. Kwa hiyo onyo la Stebbing lilikuta masikio yaliyo tayari.

Serikali za Uingereza na Ufaransa ziliunda tume ya pamoja, ambayo mwaka 1936 na 1937 ilikagua eneo la mpaka wa Nigeria na Niger. Wajumbe wake hawakuona dalili za jangwa kusonga mbele kwa namna aliyoieleza profesa. Waliona ardhi iliyotumika vibaya hapa na pale, lakini jangwa linalotembea hawakuliona. Ripoti yao ilisomwa na wachache. Onyo la Stebbing liliendelea kunukuliwa.

Hofu ile haikuishia Afrika Magharibi. Hapa Tanganyika pia maofisa wa serikali ya kikoloni waliamini kwamba mkulima Mwafrika anaiharibu ardhi yake kwa mikono yake mwenyewe, na kutokana na imani hiyo zikaja amri za kupunguza mifugo na kuchimba matuta ya ngazi. Katika milima ya Uluguru amri ya matuta ilizaa ghasia mwaka 1955, na mtu mmoja akauawa kwa risasi ya polisi. Nayataja haya ili ionekane kwamba swali la nani anayeharibu ardhi halikuwa la vitabuni tu. Lilifika mpaka kwenye jembe la mtu, na zizini kwake.

Kisha ukaja ukame mkubwa. Kuanzia mwaka 1968 mvua za Saheli zilipungua, na kufikia mwaka 1973 hali ilikuwa ya kutisha. Mifugo ilikufa kwa wingi, familia za wahamaji zilikimbilia pembezoni mwa miji, na picha zao zilienea duniani kote. Ni katika hali hiyo ambapo mwaka 1975 serikali ya Sudan ilikaguliwa ardhi yake ya kaskazini na mtaalamu ambaye jina lake si geni kabisa kwetu. Huyo ni Hugh Lamprey, Mwingereza, mkuu wa kwanza wa Chuo cha Wanyamapori cha Mweka kilichofunguliwa mwaka 1963 miguuni pa Kilimanjaro, na baadaye mkurugenzi wa taasisi ya utafiti ya Serengeti. Alikuwa rubani, na alikuwa mjuzi wa malisho na wanyama.

Kuanzia tarehe 21 Oktoba hadi 10 Novemba mwaka 1975, Lamprey alizunguka kaskazini mwa Kordofan na Darfur, akiruka kwa ndege ndogo na kuchunguza mahali nyasi na vichaka vilipokomea. Kisha alilinganisha ukingo huo na ukingo uliokuwa umechorwa katika ramani ya uoto ya mwaka 1958. Tofauti ilikuwa kati ya kilomita 90 na 100. Kwa kuwa ilikuwa imepita miaka 17, akagawanya, na jibu likawa kama kilomita tano na nusu kwa mwaka.

Simwandiki Lamprey ili kumdharau. Alifanya kazi kwa bidii akitumia alichokuwa nacho. Lakini tuitazame hesabu yenyewe. Upande mmoja ipo ramani ya mwaka 1958, ambayo mstari wake wa jangwa ulichorwa zaidi kwa kufuata takwimu za mvua kuliko kwa kupimwa ardhini. Upande wa pili zipo wiki tatu za mwaka 1975, baada ya ukame mkali. Kuchukua alama mbili za namna hiyo na kupitisha mstari kati yake ni sawa na mtu aliyekuja pwani mara moja maji yamejaa, akarudi siku nyingine maji yamekupwa, akatangaza kwamba bahari inakauka, na akataja ni mita ngapi kwa saa.

Hata hivyo namba ina nguvu zake. Ukimwambia mtu kwamba mambo ya Saheli ni magumu kueleweka, atapiga mwayo. Ukimwambia kilomita tano na nusu kwa mwaka, ataandika. Namba hiyo ilianza safari ndefu ya ripoti na hotuba. Mwaka 1977, kuanzia tarehe 29 Agosti hadi 9 Septemba, Umoja wa Mataifa ulifanya mjini Nairobi mkutano mkubwa wa dunia kuhusu kuenea kwa jangwa, na wazo la jangwa linalosonga likapata makazi rasmi. Mtaalamu wa hali ya hewa wa Marekani, Jule Charney, naye alikuwa ametoa mwaka 1975 hoja kwamba mifugo ikimaliza majani, ardhi iliyo wazi hurudisha mwanga wa jua angani, hewa hupoa na kushuka, na mvua hukosekana. Kwa hoja hiyo mfugaji hakuwa tu mwenye kumaliza malisho. Alikuwa amefukuza na mvua pia.

Asiyekuwepo na lake halipo. Mfugaji wa Kordofan hakuwa na kiti katika mikutano hiyo. Yaliyopendekezwa juu yake yalikuwa mengi: apunguziwe mifugo, atulizwe mahali pamoja, njia zake za kuhama zifungwe, mikanda ya miti ipandwe mbele ya jangwa kama ukuta wa ngome. Kama shtaka lilikuwa la kweli, huenda adhabu zilistahili. Je, lilikuwa la kweli?

Hapa ndipo setilaiti inapoingia. Marekani ilirusha setilaiti yake ya kwanza ya hali ya hewa, TIROS-1, tarehe 1 Aprili 1960. Tarehe 23 Julai 1972 ikarusha ile ya kwanza ya kuchunguza ardhi, iliyokuja kuitwa Landsat, ambayo iliweza kutofautisha vipande vya ardhi vyenye upana wa takriban mita 80. Mtu angedhani kwamba swali la jangwa lingejibiwa na hiyo ya pili, yenye macho makali. Lakini Landsat ilirudi mahali pamoja kila baada ya siku 18, na nyasi za Saheli huota wakati wa mvua, ambapo mawingu hufunika ardhi. Siku ambayo setilaiti inapita, wingu lipo. Siku wingu likiondoka, setilaiti haipo.

Setilaiti za hali ya hewa za mfululizo wa NOAA, zilizokuwa zikizunguka dunia mwishoni mwa miaka ya 1970 na baadaye, zilikuwa na macho mabovu zaidi. Kipande kidogo kabisa cha ardhi zilichoweza kukitambua kilikuwa na upana wa zaidi ya kilomita moja. Mti hazikuuona, wala nyumba, wala kijiji. Lakini zilipita kila mahali kila siku. Na kwa bahati, kati ya aina za mwanga zilizopimwa na chombo chake cha kutazama mawingu, mbili zilifaa kwa kazi nyingine kabisa.

Kazi hiyo ilitambuliwa na kikundi cha wanasayansi wa kituo cha NASA cha Goddard, jimbo la Maryland, akiwemo Compton Tucker. Msingi wake ni mwepesi kueleza. Jani bichi hunywa mwanga mwekundu ili kujitengenezea chakula, lakini hurudisha kwa wingi mwanga ulio jirani na mwekundu, ambao jicho la binadamu haliuoni. Udongo mtupu hauna tabia hiyo. Mianga hiyo miwili huirudisha kwa viwango visivyotofautiana sana. Basi ukipima mianga yote miwili kutoka juu na kulinganisha tofauti yake na jumla yake, unapata kipimo cha ubichi wa ardhi. Ili kuyashinda mawingu, walikusanya vipimo vya siku kadhaa za mahali pamoja na kuchukua kilicho kikubwa kuliko vyote, kwa kuwa wingu hupunguza kipimo na haliwezi kukiongeza. Siku moja tu yenye anga safi ilitosha.

Lakini kipimo hicho kilimaanisha nini kwa ng'ombe? Swali hilo halikujibiwa angani. Lilijibiwa huko Senegali, katika malisho ya Ferlo, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Watafiti walikata nyasi katika viwanja vilivyochaguliwa, wakazikausha, wakazipima kwa mizani, kisha wakalinganisha uzito wake na vipimo vya setilaiti. Viliwiana vizuri. Tangu hapo mtu aliyekaa Maryland aliweza kukadiria ni kilo ngapi za nyasi zimeota kwa hekta katika Ferlo, mradi akumbuke kwamba makadirio yake yanasimama juu ya mundu na mizani ya mtu aliyeinama juani.

Mwaka 1984 ukame ulirudi kwa ukali, na njaa ya mwaka huo na uliofuata, katika Ethiopia na Sudan hasa, ilishtua dunia. Mwaka 1985 Marekani ilianzisha mpango wa kutoa tahadhari mapema juu ya njaa, na ramani za ubichi zikawa mojawapo ya nyenzo zake, ili upungufu wa nyasi na mazao ujulikane kabla watoto hawajaanza kudhoofika. Hata kama setilaiti zisingefanya kazi nyingine yoyote, hiyo ingetosha kuzipa sifa.

Katika miaka hiyo hiyo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund nchini Sweden, akiwemo Ulf Helldén, walirudi Kordofan, kule kule alikoruka Lamprey. Walitumia picha za Landsat na pia walitembea ardhini. Walikuta ukame umeumiza sana mazao na malisho, lakini mvua iliporudi majani yalirudi. Ule mwendo wa kudumu wa jangwa kuelekea kusini hawakuuona.

Mwaka 1991 Tucker, pamoja na Harold Dregne na Wilbur Newcomb, walichapisha katika jarida la Science matokeo ya Sahara nzima kwa miaka ya 1980 hadi 1990. Walichukua kama mpaka wa jangwa ule ukingo unaolingana na mvua ya milimita 200 kwa mwaka, na wakauchora upya kila mwaka. Mpaka ulihama huku na huku. Toka 1980 hadi 1984 ulisukumwa kusini na ukame. Lakini kutoka 1984 hadi 1985 ulirudi kaskazini kwa wastani wa kilomita 110, na kwa mwaka huo mmoja jangwa lilipungua kwa kilomita za mraba 724,000. Eneo hilo ni zaidi ya robo tatu ya Tanzania nzima. Kilomita ambazo Lamprey alizigawanya kwa miaka 17 jangwa liliweza kuzirudisha kwa msimu mmoja wa mvua. Ufuko, kama jina lake, ulikuwa ukipwa na kujaa.

Mwalimu yeyote aliyetunza daftari la mahudhurio ataelewa mara moja tofauti kati ya kazi ya mwaka 1975 na ile ya mwaka 1991. Mkaguzi akiingia darasani siku ya mvua kubwa na kukuta nusu ya viti vitupu, anaweza kuandika kwamba shule hii ina watoro. Mwalimu hafungui mdomo kubishana. Hufungua daftari. Thamani ya setilaiti katika habari hii haikuwa kwamba ilikuwa juu sana. Ndege ya Lamprey nayo ilikuwa juu. Thamani yake ilikuwa kwamba iliita majina kila siku, mwaka baada ya mwaka, kwa kipimo kile kile, bila kuchagua siku.

Na sababu za ukame wenyewe? Mwaka 1986 watafiti wa Idara ya Hali ya Hewa ya Uingereza walionyesha kwamba mvua za Saheli zinafuatana na joto la maji ya bahari zote duniani. Kusini mwa ikweta bahari zikiwa na joto kuliko kawaida na kaskazini zikapoa, ukanda wa mvua haupandi vya kutosha kufika Saheli. Utafiti wa baadaye, kuanzia miaka ya 2000, uliongeza kwamba moshi wa viwanda vya Ulaya na Marekani ya Kaskazini, uliokuwa mzito katika miaka ile, huenda ulichangia kuipoza Atlantiki ya kaskazini. Tafakari hilo, msomaji. Mbuzi wa Kordofan alikuwa kizimbani kwa miaka mingi, na kumbe sehemu ya ushahidi ilikuwa ikitoka katika mabomba ya moshi ya wale walioandika hati ya mashtaka.

Hapa inafaa tujihadhari tusije tukatoka katika kosa moja na kuingia katika lingine. Kusema kwamba jangwa halitembei si kusema kwamba ardhi haiharibiki. Ziwa Chad, lililokuwa na kilomita za mraba zipatazo 25,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960, katikati ya miaka ya 1980 lilibakiwa na chini ya sehemu moja ya kumi ya maji yake ya wazi, ingawa tangu hapo limepata nafuu kiasi. Udongo unaomomonyoka unamomonyoka, na kisima kilichokauka kimekauka. Aidha, daftari la ubichi lilianza miaka ya mwanzo ya 1980, karibu na shimo la ukame lenyewe. Vipimo vilivyofuata vinaonyesha sehemu kubwa ya Saheli ikizidi kuwa ya kijani, na hizo ni habari njema. Lakini mgonjwa aliyeanza kupimwa siku aliyozidiwa ataonekana kupata nafuu kila siku, hata kama bado hajafikia afya aliyokuwa nayo kabla ya kuugua. Mwaka 2018 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Maryland, kwa kutumia kumbukumbu za mvua tangu mwaka 1920 hadi 2013, walikadiria kwamba Sahara ilipanuka kwa takriban asilimia 10 katika muda huo, sehemu kwa mzunguko wa asili na sehemu kwa kubadilika kwa tabia ya nchi. Tucker na wenzake walikuwa wamesema mapema kwamba miaka kumi haitoshi na kwamba patahitajika miongo ya vipimo. Walikuwa wakweli.

Tena setilaiti huona lililotokea, lakini haisemi ni nani aliyelifanya. Mfano wake mzuri upo Niger. Katika wilaya za Maradi na Zinder, kusini mwa nchi hiyo, mashamba yalikuwa yamebaki matupu kufikia miaka ya 1970. Sheria zilizorithiwa kutoka kwa Wafaransa ziliuhesabu mti kuwa mali ya serikali, kwa hiyo mkulima hakuwa na sababu ya kuutunza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mmisionari wa Australia, Tony Rinaudo, aliyekuwa amehangaika kupanda miche iliyokufa kila mara, alitambua kwamba vichaka vilivyozagaa mashambani vilikuwa visiki vya miti iliyokatwa, na mizizi yake ilikuwa hai. Haikuhitajika kupanda. Ilihitajika kuchagua machipukizi mawili matatu, kupogoa mengine, na kuyalinda. Wakulima walifanya hivyo na kufundishana, shamba kwa shamba, na serikali ikalegeza mkono.

Hakuna aliyejua ukubwa wa jambo hilo mpaka miaka ya 2000, ambapo Gray Tappan wa Marekani, mtaalamu wa picha za ardhi, alilinganisha picha za zamani zilizopigwa kwa ndege na zile mpya za kutoka angani. Yeye na Chris Reij, Mholanzi aliyelijua eneo hilo kwa miaka mingi, waliingia vijijini kuhakikisha. Walikadiria hekta milioni tano zenye miti iliyorudi. Palipokuwa na miti zaidi palikuwa upande wa Niger, kwenye mvua chache, kuliko ng'ambo ya mpaka Nigeria, kwenye mvua nyingi. Mvua peke yake haikuweza kulieleza hilo. Ilibidi kumwuliza mkulima. Njia hiyo imefika hata kwetu, na katika mkoa wa Dodoma imeenezwa kwa jina la Kisiki Hai.

Linganisha na Ukuta Mkubwa wa Kijani, mpango uliopitishwa na Umoja wa Afrika mwaka 2007. Mwanzoni ulifikiriwa kuwa mstari wa miti wa kilomita zipatazo 8,000 kutoka Senegali hadi Djibouti, kinga dhidi ya adui anayetembea. Baadaye mpango ulibadilishwa, ukawa wa kuhuisha mashamba, malisho na misitu kwa kadiri ya kila mahali. Mabadiliko hayo yalikuwa ya busara. Ukuta hujengwa dhidi ya anayekuja. Na ardhi iliyochoka haiji kutoka kokote, ipo pale pale inapokaa watu.

Limebaki jambo moja la haki nisilopenda kuliruka. Daftari ni la nani? Mwaka 1984 Marekani ilitunga sheria ya kuzikabidhi picha za Landsat kwa biashara binafsi, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 picha moja iliweza kufika dola 4,400. Nchi iliyopigwa picha ilitakiwa kuinunua sura yake yenyewe kwa bei ambayo idara zake nyingi hazikuimudu. Nairobi kilikuwepo kituo cha kikanda cha upimaji, ramani na picha za angani tangu mwaka 1975, lakini kituo bila picha ni kama maktaba bila vitabu. Mwaka 2008 picha zote za Landsat, za zamani na mpya, zilifunguliwa bure kwa kila mtu. Kwangu mimi mwaka huo una uzito sawa na ule wa kurushwa kwa setilaiti yenyewe, kwa sababu mshtakiwa anapoweza kulisoma daftari mwenyewe, hasubiri tena kusomewa.

Mnyonge msonge, lakini haki yake mpe. Mfugaji wa Saheli alisongwa kwa ripoti, kwa hotuba na kwa namba iliyopatikana katika wiki tatu. Haki yake, kwa kiasi ilivyorudi, ilirudishwa na watu waliokubali kupima jambo moja kila siku kwa miaka mingi kabla ya kulisemea, na wengine waliokata nyasi na kuzipima, au waliosimama shambani na kuuliza. Joto la dunia linapanda, na mvua za Saheli za miaka ijayo zitaleta maswali mapya na bila shaka washtakiwa wapya. Vipimo vinaendelea kukusanywa. Atakayetaka kusema, na avisome kwanza.